Mepo mwekundu wa Kijapani kwenye bustani ndogo: tatizo ni pale ulipousimamisha

Mkuu, umeuliza kwa nini mepo wako mfupi mwekundu (mti wa mapambo uitwao 'maple' kwa Kiingereza) umebabuka ncha za majani muda mfupi tu baada ya kuupanda mbele ya ukuta mweupe, ilhali wa jirani yako, ulio chini ya mti mkubwa, haujaungua hata jani moja ila wekundu umeisha na umekuwa kijani kilichofifia. Umeuliza pia kama uuhamishie kwenye chungu. Nimeitunza miti hii ardhini na kwenye vyungu, na naipenda sana, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Tatizo lako na la jirani ni moja: mwanga. Wekundu wa majani haya unatokana na rangi iitwayo anthosianini, na mti huitengeneza kwa wingi jani linapopigwa na jua. Ukikaa kivulini kutwa, rangi hiyo inapungua na ukijani uliokuwa umefunikwa unajitokeza. Ukikaa juani kutwa, jani linapoteza maji upesi kuliko mizizi inavyoyapandisha, na sehemu ya kwanza kukauka ni ncha. Aina zenye majani membamba yaliyochanika kama manyoya ndizo huumia zaidi. Unachotafuta ni mahali panapopata jua la asubuhi kwa saa nne hivi, kisha kivuli kiingie kabla jua halijafika utosini. Ukuta mweupe unaopokea jua la alasiri ni mahali pabaya kuliko pote, maana jani linachomwa na jua lenyewe na tena na mwako unaorudishwa na ukuta.

Kuna na upepo, ambao wengi hawaufikirii kabisa. Hebu usogelee mti wako uutazame vizuri. Kama upande mmoja tu ndio umekauka na ule mwingine ni mzima, chunguza upepo unatokea wapi. Bustani ndogo mara nyingi ina kichochoro kati ya nyumba na uzio, na upepo ukibanwa pale hutoka kwa kasi. Kinga nzuri ni kichaka au uzio wa fito unaoupenyeza kidogo. Ukuta mzima huufanya upepo uruke juu na kuangukia upande wa pili, palepale ulipoweka mti.

Kabla ya kuongeza maji, ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Ukikuta unyevunyevu, acha. Mizizi iliyooza kwa maji mengi nayo haipandishi kitu, kwa hiyo ncha hukauka vilevile, na mtu akiziona anazidi kumwagilia. Mizizi ya mepo inakaa juujuu, inataka udongo wenye uchachu kidogo na usiotuamisha maji. Kama wako ni wa mfinyanzi, inua tuta la sentimita 20, kisha panda mti juu yake. Weka matandazo ya magome au majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 7, ila yasiguse shina. Mbolea ni kidogo tu wakati wa kuchipua. Naitrojeni nyingi hutoa matawi marefu yaliyolegea.

Kuhusu chungu: ndiyo, mimi ningeuhamisha, ila si sasa. Usiuchimbue ukiwa na majani. Utegee kitambaa cha kivuli kwa mchana, subiri majani yapukutike, ndipo uutoe. Majani yaliyoungua hayarudi kuwa mazima, lakini usife moyo: kwaruza kijitawi kwa ukucha, ukiona ukijani chini ya gome basi kiko hai. Chungu kiwe na tundu chini na kizidi bonge la mizizi kwa sentimita chache tu, kwa sababu udongo mwingi usio na mizizi hubaki na maji muda mrefu. Kila miaka miwili au mitatu kibadilishe udongo kabla macho (vichipukizi vya majani) hayajafunguka. Faida kubwa ni kwamba unaweza kuusogeza mpaka upate kona inayoupendeza.

Mti huu asili yake ni Japani na Korea, na unahitaji majira ya baridi upumzike. Penye joto mwaka mzima hudhoofika, hata ukitunzwa vipi.

Kupogoa, fanya mti ukiwa umelala au katikati ya kiangazi. Utomvu ukianza kupanda, kidonda hutiririka. Tawi moja likinyauka ghafla, likate utazame ndani: michirizi ya kahawia au kijani cheusi kwenye mti huashiria kuvu wa vertisilio anayeishi udongoni. Kata mpaka penye mti safi, na ufute mkasi kwa spiriti.

Mwisho, hakikisha aina yako. 'Bloodgood' huuzwa ikiwa ndogo, lakini hufika mita 5. 'Shaina', iliyotokana nayo, hubaki fupi na imeshonana. 'Crimson Queen' hutanuka kuliko kurefuka, kwa hiyo ipe upana. Mingi ni miche ya kubebesha, yaani kijitawi cha aina nyekundu kimeunganishwa kwenye shina la mti mwingine, hivyo chipukizi lolote la kijani linalotoka chini ya kiungio ling'oe mapema, lisije likaumeza ule mwekundu. Ukiweza weka picha ya shina pale chini, na nyingine ya bustani saa nane mchana, tuone kivuli kinaangukia wapi.