Rangi imekunjamana, vioo vimefifia

SWALI: Naunda Datsun 240Z ya plastiki, skeli 1:24 (dogo mara 24 kuliko gari halisi), iwe kama gari la Safari Rally. Rangi nyekundu ya kopo imetoka na ukungu mweupe, kwenye boneti ikakunjamana. Vioo nilivyobandika kwa supaglu vimefifia. Kosa liko wapi?
Msomaji, Moshi

JIBU: Makosa ni matatu. Ukungu ni unyevu: umepuliza siku ya mvua, maji ya hewani yakanaswa kwenye rangi inayokauka. Subiri jua la saa nne, kopo ulichovye kwanza kwenye maji ya uvuguvugu.

Kukunjamana kunatokana na haraka. Koti la pili la rangi limelainisha la kwanza kabla halijakauka hadi ndani. Acha bodi siku tatu, kisha piga msasa namba 600 na 1000 kwa maji. Kingo za milango ziguse kidogo tu, hapo ndipo plastiki hutokeza upesi. Thina usiguse, itayeyusha bodi yenyewe. Osha kwa sabuni, paka praima ya kijivu (rangi ya msingi), halafu makoti mepesi matatu kutoka sentimita 20 hivi. Boneti ipake nyeusi isiyong'aa, kama gari lililoshinda mwaka 1971. Na makovu yatajificha.

Supaglu hutoa mvuke unaoganda kwenye vioo. Vibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, hukauka bila rangi.

Ukitaka kuliinua gari, washa (kipete bapa) ya milimita 1 kwa kila gurudumu inatosha: kwenye gari halisi ni milimita 24.