Gasketi ya shaba: ilainishe kwanza, ndipo uifunge

Abiria wangu siku ile alikuwa na kanzu nyeupe, anawahi swala ya Ijumaa Kariakoo. Tulipofika akashuka, akainama kutazama mguu wake, nami nikatazama alikotazama: pindo la kanzu upande wa kulia limejaa madoa ya oili. Nilimwomba radhi, nikakataa nauli yake, na bado moyo haukutulia. Oili ile ilitoka kwenye gasketi ya shaba, kile kibati kinachoziba kati ya silinda ya pikipiki na hedi yake, niliyoifunga kwa mikono yangu siku tatu kabla.

Pikipiki yangu ina injini ya pushirodi, yaani vijiti vinavyosukuma valvu kutoka chini, ya CC 125, ya ukoo ule ule wa Honda CG125 iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, ambao nyingi za Kichina hapa Dar zimeurithi. Silinda hedi yake, yaani kifuniko cha juu ya silinda, ilikuwa imepigwa fesi, yaani kuchongwa uso kwa mashine, mara mbili kabla sijainunua, kwa hiyo kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ilikuwa imepanda. Nikibeba abiria wawili kwenye mlima, injini inagonga, na gasketi za kawaida zinaungua. Gasketi ya shaba yenye unene wa milimita 1 ilinipa nafasi ile iliyokwisha kuliwa na mashine, na shaba haiungui. Lakini kama injini yako haijawahi kuguswa, baki na gasketi ya kiwandani. Shaba ni ya mwenye sababu.

Kosa langu lilikuwa moja. Ile gasketi ilishafungwa mara moja, nikaitoa, nikaifuta, nikairudisha. Mzee mmoja, fundi wa Buguruni, aliichukua mkononi, akaining'iniza kwenye kidole, akaigonga kwa bisibisi. Ikalia *ting*, kama kengele ya baiskeli.

"Unasikia, mwanangu? Hii imekomaa. Shaba ikishabanwa inakuwa ngumu, haiwezi tena kujaza mikwaruzo. Kailainishe."

Tuliilainisha kwenye jiko la mkaa, uani, kivulini. Kivuli ni muhimu, kwa sababu juani huwezi kuona rangi. Gasketi ililazwa juu ya mkaa uliokolea, tukapepea, mzee hakubanduka. Kwanza shaba ikapita rangi za upinde wa mvua, kisha ikawa nyeusi, kisha ukaja wekundu hafifu, kama wa kaa linaloanza kufifia. Hapo ni nyuzi 600 hivi. Usisubiri iwake rangi ya chungwa. Shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1085, na kipande chembamba kinajikunja mapema zaidi. Akaiinua kwa koleo mbili ili isipinde, akaizamisha kwenye ndoo ya maji. Nilishtuka, maana chuma ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu. Shaba haiko hivyo. Maji hayaifanyi ngumu, yanabandua tu lile ganda jeusi. Tuliposugua kwa ndimu na chumvi ikarudi nyekundu, tukaisuuza vizuri na kuikausha. Alipoigonga tena ilitoa sauti butu, *dup*, na ukiishika upande mmoja ule mwingine unalegea wenyewe. Sauti hiyo ndiyo kipimo changu mpaka leo.

Ukingo wa matundu uparaze kwa msasa laini kabla ya kuipeleka motoni, hasa kama gasketi imekatwa kwa mkono. Tundu la kati liwe pana kidogo kuliko silinda. Ukingo ukichungulia ndani unapata moto, unakuwa mwekundu, na petroli inawaka kabla ya wakati wake.

Sasa nyuso zenyewe. Gasketi ya kiwandani inasamehe, shaba haisamehe. Nenda duka la vioo, omba kipande kinene cha milimita 6, bandika juu yake msasa wa maji namba 400. Chora mistari ya kalamu ya wino kwenye uso wa hedi, kisha isugue kwa mzunguko wa namba nane. Mistari ikibaki pembeni mwa tundu la stadi, yaani bolti ndefu zinazoshika hedi, pale ndipo palipobonyea, na mara nyingi ndipo palipokuwa pakivuja. Endelea mpaka iishe yote. Kwenye bloku, kile kipande chenye silinda, weka rula ya chuma iliyonyooka na upime kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya; cha milimita 0.05 kikipita chini, usifunge kwanza. Angalia pia kama silivu, lile bomba la chuma ndani ya silinda, imezama chini ya alumini. Ikiwa imezama, gundi haitakuokoa, mpelekee fundi wa mashine.

Gundi yenyewe iwe ya kuhimili joto, ipake nyembamba kama unapaka mafuta usoni. Nimeona mafundi wengi wakiimwaga silikoni, na jambo hili linaniumiza kweli, kwa sababu inayozidi inasukumwa ndani na kuziba njia ya oili, kisha roka, vile vikono vinavyobonyeza valvu, zinakauka na kulika. Ipake kuzunguka njia za oili na shimo la pushirodi, maana huko shaba ndiko inakokuwa dhaifu. Kuzunguka silinda acha mgandamizo ufanye kazi. Oringi, vile vipete vya mpira vya njia ya oili, weka mpya.

Kaza nati za hedi injini ikiwa baridi, kwa msalaba, kwa awamu tatu, kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, na kipimo cha kitabu cha injini yako. Kama huna, kaazime. Stadi iliyokatika ndani ya bloku itakugharimu zaidi. Washa dakika kumi, zima, iache ipoe usiku kucha. Asubuhi legeza nati moja kidogo, ikaze tena kwa kipimo, ndipo uende kwenye nyingine. Shaba laini inakaa chini ikipata joto, nati zinabaki bila nguvu. Rudia baada ya kilomita 100 hivi.

Kila ukikaza, pima valvu upya. Hedi ikishuka kwenye injini ya pushirodi, nafasi ya valvu inapungua. CG125 inataka milimita 0.08 injini ikiwa baridi. Valvu isiyofunga vizuri inaungua.

Kisha paka povu la sabuni kuzunguka maungio, piga kiki taratibu, na uchunguze kila upande, hata nyuma kusikoonekana vizuri. Mimi nilipiga magoti na tochi ya simu dakika tano nzima. Povu halikutoa hata kipovu kimoja.