Ukishindwa kuimba, punguza mwendo: niliyojifunza kwa kuanza mbio nikiwa na miaka 46

Shule ya msingi tulikimbia mchakamchaka kila asubuhi kabla ya kuingia darasani. Kiranja alianzisha wimbo, sisi tukaitikia, vumbi likapanda, na hakuna aliyetuambia kwamba yale ni mazoezi. Zaidi ya miaka 30 baadaye nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kituo cha afya hapa Mwanza, kipimo cha presha kinasoma 152 kwa 96, nikajiuliza ni lini hasa miguu hii iliacha kukimbia. Sikupata jibu. Nilikuwa na miaka 46.

Mimi ni fundi cherehani, Kirumba. Kazi yangu ni ya kukaa, kuanzia saa 2 asubuhi hadi jioni, na msimu wa sare za shule ukifika ni hadi usiku. Daktari alinipima tena siku nyingine mbili kabla ya kunianzishia dawa, kwa kuwa presha haithibitishwi kwa kipimo cha siku moja, kisha akaniambia nitembee. Nilitembea miezi 2. Nilipotaka kukimbia nilirudi kwake, akausikiliza moyo, akaniruhusu. Nalitanguliza hili kwa sababu watu wa rika letu wengi hununua raba kwanza na daktari wanamwona wakishaumwa. Kama umepita miaka 40 na una presha, kisukari, au kifua kinakubana ukipanda mlima, anzia kwa daktari. Na dawa usiziache eti kwa sababu umeanza kutoka jasho.

Kosa langu nililifanya mapema. Nilijiunga na vijana wa jogingi wa mtaani, watoto wazuri, wananiamkia "shikamoo mama" na kunisubiri kwenye kona. Sikutaka wanisubiri. Wiki ya 5 pumzi ilifunguka, nikaona nimeshaiva, nikawa nakimbia nao mwendo wao Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Wiki ya 7 niliamka asubuhi, ile kano nene iliyo nyuma ya mguu juu ya kisigino imekaza kama kamba iliyolowa ikakaukia juani. Nikachechemea hadi chooni nimeshika ukuta. Wiki 9 sikukimbia.

Aliyenieleza kilichotokea alikuwa mtaalamu wa viungo, na maelezo yake ndiyo yaliyobadilisha namna ninavyopanga kila kitu. Moyo na mapafu hujifunza haraka. Ndani ya wiki chache unaona kilima kilichokuwa kinakukata pumzi sasa unakipanda unaongea. Kano na mifupa hukawia. Zinahitaji miezi, na kadiri umri unavyosogea ndivyo zinavyozidi kukawia. Kwa hiyo hufika siku ambapo pumzi inakuambia nenda na kano haijawa tayari, nasi tunaisikiliza pumzi kwa sababu ndiyo yenye sauti. Kijana wa miaka 20 akikosea hapo mara nyingi husamehewa. Mwenye miaka 46 hulipa.

Nilipopona nilirudi na kanuni moja, nayo niliichukua kwenye mchakamchaka. Kule shuleni tulikimbia tukiimba, na ukitaka kuimba huku unakimbia huna budi kwenda mwendo ambao pumzi inabaki. Hicho ndicho kipimo. Nikiweza kuimba ubeti mzima bila kukata neno katikati, mwendo ni sawa. Nikibaki na kiitikio tu, nimezidisha. Nikishindwa hata kiitikio, natembea dakika 1 au 2 hadi sauti irudi, halafu naendelea. Mwanzoni nilikuwa nakimbia dakika 2 na kutembea 1, nusu saa nzima, na kilomita moja ilinichukua zaidi ya dakika 9. Sioni aibu kuandika hivyo. Mbio za polepole ndizo zinazojenga moyo na misuli huku zikiipa kano muda wake, na hata wakimbiaji wakubwa sehemu kubwa ya kilomita zao za wiki huzikimbia kwa mwendo mwepesi kwao.

Nasema kwao, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Septemba 2025 Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano hayo, duka langu zima lilisimama kutazama simu moja. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48, yaani kama dakika 3 na sekunde 5 kwa kila kilomita, na alimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari kabisa. Nililia. Lakini mwendo wa Simbu hauniambii lolote kuhusu mwendo wangu. Nilichokichukua kwake ni subira: alikaa na kundi hadi mwisho. Na sisi wa kando ya Ziwa Victoria tunaye Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, kisha akashinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988, umri wake umeshapita miaka 30.

Sasa malengo. Mteja akija akaniambia, "Fundi, nataka gauni linipendeze," ninamwelewa, lakini siwezi kuanza kazi na maneno hayo. Naanza na futi: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Malengo ya mwili ni hivyo hivyo. Kupunguza kilo 10, kukimbia nusu marathoni, yaani kilomita 21, kwa saa 2 na nusu, hayo ni ya kupendeza, ila hayako mikononi mwako moja kwa moja. Kilicho mikononi mwako ni kutoka nje ya mlango. Lengo langu la kwanza lilikuwa hili: mara 3 kwa wiki, nusu saa, wiki 12. Basi. Sikuandika kilo wala kasi.

Nilikata kipande cha kitambaa cheupe, nikakitundika ukutani juu ya cherehani. Kila nilipotoka nilipiga mshono mmoja wa mkono, uzi wa bluu kama nimekimbia, kijani kama nimetembea tu. Wiki 12 zingetakiwa kuleta mishono 36. Nilipata 31. Kuna pengo la wiki ya mafua ya mwanangu na jingine la sare za Januari, na niliyaacha yaonekane. Wenye simu za kupimia kilomita watumie simu zao; mimi nilitaka kitu ambacho nakiona nikiwa kazini.

Baada ya hapo niliongeza mbio moja ndefu Jumapili, nikiirefusha kwa kilomita 1 kwa wiki na kila wiki ya 4 naipunguza ili mwili upumzike. Kwa mwendo huo kutoka kilomita 8 hadi 16 ni karibu miezi 3. Mtu akikupa ratiba ya kukufikisha nusu marathoni kwa wiki 6 kutoka sifuri, muulize ana miaka mingapi.

Kuhusu Mwanza yenyewe kuna mambo ya kujua. Sisi tuko magharibi zaidi ya Dar es Salaam, jua letu huchomoza takriban kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, kwa hiyo anayetoka saa 11 anakimbia gizani kabisa. Mimi hutoka kunapopambazuka, na sikimbii peke yangu. Tuko wanawake 3. Tunakaa upande ambao magari yanatujia usoni, tumevaa vikoti vya kung'aa, maana bodaboda wengine hawana taa. Kwa tambarare tunaelekea Pasiansi, barabara ya uwanja wa ndege. Tukitaka milima tunakwenda Capri Point, tunapita Jiwe la Bismarck wakati maji bado ya kijivu, na pale kwenye mwinuko tunatembea bila kujadiliana. Siku ya upepo wa ziwa uchukue usoni wakati wa kwenda, ukurudishe nyumbani ukiwa umechoka.

Mavazi si lazima yawe ghali. Raba zangu za kwanza nilizipata kwenye mitumba Mlango Mmoja. Ukinunua za mitumba, bonyeza soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, au imeliwa upande mmoja, iache hata kama juu inang'aa. Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uache nafasi ya upana wa kidole mbele. Sidiria iwe ya kubana vizuri. Sketi nilijishonea mwenyewe, ya juu ya goti kidogo, ndani ina kaptura na mfuko wa zipu wa funguo. Mapaja yapake mafuta ya mgando kabla, hasa siku ya mbio ndefu. Michubuko ya jasho inauma kuliko misuli.

Chakula chetu kinatosha. Kabla ya mbio ndefu nakunywa chai na kula vipande vichache vya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo bibi zetu Wasukuma walikuwa wanasafiri navyo. Vingine nafunga kwenye karatasi natia mfukoni. Nikirudi, ugali na dagaa au sato, maana misuli inahitaji protini ili ijijenge, na umri wetu unaihitaji zaidi.

Kina mama wenzangu, hili halisemwi vya kutosha. Hedhi inapokaribia kukoma na baada ya kukoma, mifupa hupoteza uzito haraka, usingizi unakatika, joto linapanda bila sababu. Kukimbia kunasaidia, lakini peke yake hakutoshi. Mwili unataka kubeba vitu vizito. Mara 2 kwa wiki nachuchumaa na kusimama nikiwa nimeshika ndoo yenye lita 10 za maji, mara 10, napumzika, narudia mara 3. Na kwa ajili ya kano yangu, nyumba zetu za mlimani zina ngazi za mawe: nasimama kwa ncha za nyayo ukingoni mwa ngazi, napanda juu kwa miguu yote miwili, nashusha visigino polepole chini ya usawa wa ngazi. Mara 15, kila siku. Hayo ya ngazi ndiyo yaliyonirudisha barabarani, na hadi leo sijayaacha.

Nusu marathoni niliikimbia hapa Mwanza nikiwa na miaka 48. Nilikuwa na malengo matatu moyoni: nimalize, nimalize nikiweza kuimba, nimalize chini ya saa 3. Kilomita 5 za mwanzo nilipitwa na karibu kila mtu, na ilinibidi nijishike kwa nguvu nisiwafuate. Kilomita ya 14 kichomi kilinibana upande wa kulia. Nikatembea nikitoa pumzi ndefu, kikaachia. Kilomita 3 za mwisho nilikuwa naanzisha wimbo wa mchakamchaka na kaka mmoja nisiyemfahamu akawa ananiitikia. Saa 2 na dakika 51. Presha sasa inakaa chini ya 130 kwa 85. Daktari amepunguza dawa, hajaiondoa, nami sijamwomba.

Mwezi uliopita mteja wangu mmoja, mama wa miaka 58, alikuwa anapimwa gauni akaona kitambaa ukutani, akauliza kile ni nini. Nikamweleza. Ameshaonana na daktari, na Jumamosi tumetembea naye hadi Pasiansi na kurudi. Nimemkatia kitambaa chake. Amechagua uzi mwekundu.