Re: Kweli kuliwahi kupiganwa vita vya meli hapa Ziwa Victoria?

Boss umeuliza kama hizo stori za wazee wa Kisumu kuhusu meli za vita ziwani ni za kweli ama ni porojo, ni kweli kabisa, ilikuwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza walikuwa na meli kadhaa za abiria na mizigo, Winifred, Sybil, Nyanza na zingine, zililetwa vipande vipande na reli zikaungwa hapa hapa Kisumu. Mjerumani alikuwa na katagi tu, yaani kameli kadogo ka kuvuta meli zingine, Muansa, lakini kalikuwa na mzinga. Sasa Septemba 1914 Wajerumani wakaingia Kisii, Winifred ikatumwa na wanajeshi kuelekea Karungu, kufika huko ikapatana na Muansa, na Winifred yenyewe haina hata bunduki moja ya maana juu yake, ikabidi igeuze mbio irudi. Meli kubwa inafukuzwa na katagi, hebu fikiria! Baadaye ndio Waingereza wakazifunga meli zao mizinga.

Kubwa zaidi ni Bukoba, mji uliokuwa wa Mjerumani upande wa magharibi wa ziwa, Juni 1915. Jeshi la Waingereza lilitoka hapa Kisumu kwa meli, wakashuka chini ya mwamba kaskazini mwa mji, siku mbili za mapigano wakalipua ule mnara wa wayalesi (redio ya mawasiliano) wa Mjerumani, halafu wanajeshi wakapora mji vibaya sana, hiyo sehemu huwa haitajwi sana. Kwenye hilo jeshi la Waingereza alikuwemo pia Frederick Selous, yule mwindaji maarufu, mzee wa miaka 63 na bado anabeba bunduki. Mwanza yenyewe, bandari ya Mjerumani, Waingereza waliiteka Julai 1916.