Mama anavimba uso kila asubuhi, tunaambiwa ni UTI

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, ana presha toka zamani. Siku hizi akiamka uso umevimba hasa machoni, jioni inahamia miguuni, ukibonyeza panabaki shimo, na mkojo una povu zito. Zahanati kila tukienda ni UTI, anapewa antibayotiki. Juzi nikaomba kipimo cha figo, kreatinini ikaja 110, karatasi inasema kawaida ni 53 mpaka 115, wakasema figo ziko poa. Jirani anasema anywe maji mengi. Nifanyeje? Binti, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo kwenye 110 ndo penye shida. Kreatinini ni taka inayotokana na misuli, figo ndo huichuja itoke kwenye damu, kwahiyo kijana wa kiume anayebeba zege akiwa na 110 inaweza ikawa ni mwili wake tu, ila mama wa miaka 58 ukipiga hesabu kwa umri na jinsia figo zake zinachuja kama mililita 50 hivi kwa dakika, wakati kijana mwenye afya huwa 90 kwenda juu. Ikikaa chini ya 60 kwa miezi mitatu, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Mwambie daktari akupigie hiyo hesabu, haina gharama, namba ishapatikana.

Halafu hilo povu linanitia wasiwasi kweli, mara nyingi ni protini inavuja. UTI kawaida inaunguza na kukufanya ukojoe kila saa, haivimbishi uso, na kama wanaing'ang'ania basi wauoteshe mkojo waone bakteria kabla ya antibayotiki nyingine. Wapime protini kwenye mkojo wa asubuhi, albumini, yaani hiyo protini inayovuja, ikifika miligramu 30 kwa gramu moja ya kreatinini ni tatizo. Presha, sukari na ultrasaundi ya figo visikosekane, na moyo na ini viangaliwe maana navyo vinavimbisha.

Maji ya kulazimisha hapana, mtu ashavimba unamwongezea mzigo. Diklofenaki na ibuprofeni za dukani aache kabisa, hizo zinaumiza figo, ila dawa za presha asiache hata siku moja.

Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa wiki hii na karatasi zote mkononi. Akianza kuhema kwa shida, mkojo ukipungua sana, akitapika au kuchanganyikiwa, usingoje kukuche, mpeleke usiku huohuo.