Kwanza Uliza Alitumwa Kazi Gani

Katika futiboli ya Marekani, Mario Williams, mlinzi wa mstari wa mbele wa Buffalo, alipata saki 14.5 mwaka 2014 (saki ni kumwangusha kwotabeki, mrusha pasi, kabla hajarusha mpira), mwaka uliofuata 5. Alilegea?

Kabla ya kumwita mtu mvivu, tazama kocha alikuwa nani. Mwaka 2014 Jim Schwartz alimpanga nje kabisa ya takeli, mzuiaji wa pembeni wa mstari pinzani, na kumpa kazi moja: mpira ukitoka, mfuate kwotabeki. Mwaka 2015 akaja Rex Ryan, na mara nyingine Williams akarudishwa nyuma kukaba pasi. Anayekaba pasi hapati saki. Alilalamika hadharani, na sioni kosa lake. Umri nao ulimgusa, maana Miami mwaka 2016 aliambulia 1.5, lakini umri peke yake haumpunguzii mtu saki 9.5 ndani ya msimu mmoja.

Kati ya walinzi wa katikati ya mstari, nani zaidi, Vince Wilfork au Aaron Donald?

Mnaniuliza hili kila mara, na kila mara mnanitajia saki tu: 16 za Wilfork, 111 za Donald. Wilfork kule New England alikaa usoni pa senta, mzuiaji wa katikati anayeutoa mpira, akibeba mianya miwili (nafasi kati ya wazuiaji) ili malainibeka, walinzi wa safu ya pili, wapite bila kuguswa. Kazi hiyo hamtaiona kwenye jedwali la saki. Acheni kuwalinganisha.

Timu yetu inahama 4-3 (wanne mstari wa mbele, malainibeka watatu) kwenda 3-4 (watatu mbele, malainibeka wanne). Nina kilo 118, ninenepe?

Muulize kocha kwanza: mwanya mmoja au miwili? Kocha Wade Phillips alicheza 3-4 ya mwanya mmoja, kwake J.J. Watt alipata saki 20.5 mwaka 2012, na Donald 20.5 mwaka 2018, naye hakufika kilo 130. Ukipewa miwili, ongeza nguvu ya mapaja na nyonga. Tumbo halimzuii gadi, mzuiaji wa kando ya senta.

Ili nijue lini nianze, nisikilize sauti ya kwotabeki?

Hapana. Tazama mpira.

Nanyanyua vyuma sana, bado gadi ananiinua.

Vyuma havina kosa. Jirekodi kwa pembeni, uangalie hatua ya kwanza. Wengi wenu mnainuka kwanza ndipo mnakwenda, na gadi anakikuta kidari wazi. Hatua iwe fupi, kama sentimita 15, na mguu wa pili uwe umeshatua kabla hamjagusana. Mikono iingie ndani ya mikono yake, vidole gumba juu, viwiko vimebana mbavu. Mikono ikipita nje, yeye ndiye atakayekushika. Kisha nyoosha mikono, umtenge na kifua chako, utafute mpira, ndipo umtupe pembeni. Ukitaka kumtupa kabla hujaona mpira, utaukimbia mwanya wako mwenyewe. Wakikujia wawili, shusha nyonga ya upande wa yule wa pili na ubaki hapo. Usigeuke ubavu, watakusukuma kama mlango.

Naweza kugonga kwa kichwa kwanza?

Usithubutu. Shingo huvunjika kichwa kikiwa kimeinama, na tangu 2018 NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, inamwadhibu anayeinamisha kofia na kugonga nayo. Mkono ukiingia ganzi au ukiwaka moto baada ya kugongana, toka uwanjani umwone daktari, hata kama kocha anakuita urudi.