Diski za SCSI zinapochelewa kuonekana FreeBSD inapowaka

Swali: Seva yangu ya FreeBSD (mfumo endeshi) ina adapta ya SCSI (njia ya kuunganisha diski na vifaa vingine kwa kebo moja) yenye anwani 16, diski mbili na kiendeshi cha tepu. Inapowaka husubiri sekunde 5 ili vifaa vitulie, kisha hukwama karibu dakika mbili na kuandika "run_interrupt_driven_hooks: still waiting after 60 seconds for xpt_config". Diski huonekana hatimaye, lakini tepu mara nyingine haionekani kabisa. Je, nipunguze SCSI_DELAY, yaani muda huo wa kusubiri, hadi sifuri?

Jibu: Ndugu msomaji, nakuomba usianzie hapo. Thamani hiyo, ambayo katika GENERIC, kerneli (kiini cha mfumo) ya kawaida ya FreeBSD, ni milisekunde 5000, ni muda ambao vifaa hupewa kutulia baada ya njia ya SCSI kuwekwa upya. Ukiifuta yote utaokoa sekunde 5 tu, na tepu, ambayo aghalabu huwa tayari baada ya diski, itazidi kukosekana. Anwani tupu nazo hazina lawama. Ukiondoa ya adapta yenyewe na za vifaa vyako vitatu, zimebaki 12, kila moja kwa kawaida husubiriwa milisekunde 250, yaani sekunde 3 kwa jumla.

Ujumbe ulioupata unaeleza zaidi. xpt_config ni hatua ambayo kerneli husubiri ukaguzi wa vifaa ukamilike, na inapopita sekunde 60, mara nyingi kuna kifaa kilichopokea amri lakini kikakaa bila kujibu mpaka muda wake ukaisha na njia ikalazimika kuwekwa upya. Kwa kuwa tepu yako huonekana na kupotea, ninaishuku hiyo kwanza, pamoja na kebo yake.

Washa mashine kwa boot -v, amri ya kuwasha kwa maelezo marefu, uone ni anwani ipi inayotajwa kabla ya kukwama. Kisha zima umeme, chomoa tepu na uwashe tena. Lakini ikiwa tepu ndiyo iliyofunga mwisho wa kebo, weka terminata (kizibo cha ncha ya kebo kinachozuia ishara zisirudi nyuma) mahali pake, la sivyo jaribio litakudanganya. Terminata ziwe mbili tu, moja kila ncha, na jampa (swichi ndogo ya pini) ya terminata ya ndani izimwe katika kifaa chochote kilicho katikati. Hakikisha pia kwamba hakuna vifaa viwili vyenye anwani moja, na kwamba hakuna kilichopewa 7, ambayo kwa kawaida ni ya adapta.

Angalia vilevile aina ya tepu yenyewe. Ikiwa ni ya mfumo wa zamani wa single-ended, si LVD (mfumo mpya zaidi wa kupitisha ishara za SCSI kwa volti ndogo), itazishusha diski za LVD zilizo kwenye kebo hiyo zifanye kazi kwa mfumo wake, na kikomo cha urefu wa kebo kitashuka kutoka mita 12 hadi mita 3 kwa kasi ya Ultra. Kwa hali hiyo ningeipa tepu adapta yake peke yake, hata kama ni ya bei nafuu.

Ukimaliza, amri ya camcontrol devlist ikuonyeshe vifaa vyote vitatu kila unapowasha, na camcontrol negotiate da0 (da0 ni jina la diski ya kwanza) ikupe kasi unayoitarajia kwa diski hiyo. Hapo ndipo unapoweza kuandika kern.cam.scsi_delay="2000" ndani ya /boot/loader.conf, faili la mipangilio ya kuwaka, ili kupunguza muda huo wa kusubiri, ingawa maadamu tepu imeunganishwa, mimi ningeiacha 5000.